Lisemwalo Lipo? Somo Juu ya Mtu Anayetuhumiwa



Somo la wiki hii linaanzia kwenye methali ambayo sote tumekua nayo: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wazee waliitumia kwa busara, kutuonya tusipuuze habari inayozunguka kijijini. Ila siku hizi tumeigeuza kuwa hukumu. Mtu akitajwa tu kwamba kaiba, kabaka, kaloga au kala hela ya kikundi, tunatikisa kichwa na kusema "lisemwalo lipo", basi, kesi imekwisha. Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyeona, na adhabu imeshaanza.

Leo tutaitazama tabia hii kwa mwanga wa Maandiko, mapokeo ya Kanisa na sheria ya nchi yetu, halafu turudi kwenye maisha yetu ya kila siku. Chukua Biblia (hakikisha ni ile yenye Danieli sura ya 13) na daftari. Mwishoni kuna maswali ya kujadili kwenye kikundi chenu.

1. Mungu huuliza kwanza

Fungua Mwanzo sura ya 3. Adamu na mkewe wamekula tunda walilokatazwa. Mungu anajua yote, hahitaji shahidi wala mpelelezi. Hata hivyo, kabla ya kutamka adhabu yoyote anamwita Adamu, anamuuliza yuko wapi, anamuuliza kama amekula. Anasikiliza majibu yake, yakiwa ya kujitetea ovyo hivyo hivyo. Kisha anamgeukia mwanamke na kumuuliza naye.

Endelea sura ya 4: Kaini amemwaga damu ya ndugu yake, naye anaulizwa kwanza. Nenda sura ya 18: kilio juu ya Sodoma kimefika mbinguni, na Mungu anasema atashuka aone kama mambo yako kama yalivyosemwa. Hebu fikiri. Mungu mwenyewe hakutosheka na kilio. Alishuka kuangalia.

Wanasheria wa Kanisa wa Karne za Kati walizitafakari sana aya hizi. Walijenga hoja rahisi: kama Mungu hakumhukumu Adamu bila kumwita na kumsikiliza, ni hakimu gani wa kibinadamu, awe hata Papa, anayeweza kuiruka hatua hiyo? Mmoja wao alikuwa Kardinali Jean Lemoine, Mfaransa aliyefariki mwaka 1313. Yeye ni kati ya wa kwanza kuiandika kwa Kilatini kanuni tunayoisikia leo mahakamani: kila mtu huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike kwamba anayo.

Nimelisisitiza hili kwa sababu wapo vijana wanaodhani kanuni hii ni ujanja wa mawakili wa kuwatoa wahalifu, au ni kitu kilichokuja juzi na watu wa haki za binadamu. Sivyo. Kati ya waliotuachia kanuni hii wamo watu wa Kanisa waliokuwa wakisoma kitabu cha Mwanzo.

2. Susana na mashahidi wawili

Sasa soma Danieli 13 yote, ni hadithi fupi. Wazee wawili, waamuzi wanaoheshimika, wanamtamani Susana. Anapowakatalia, wanamsingizia kwamba wamemkuta na kijana bustanini. Mkutano unawaamini, na Maandiko yanaeleza sababu: walikuwa wazee, tena waamuzi. Susana anapelekwa kuuawa.

Zingatia jambo moja ambalo wengi hulipita. Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu la Torati 19:15), na hapa wawili wapo. Kwa hesabu, sheria imetimizwa. Lakini hakuna aliyewahoji. Danieli, ambaye Maandiko yanasema alikuwa kijana tu, anapaza sauti na kuwaambia watu warudi barazani, kwa kuwa wamehukumu bila kuchunguza. Anawatenganisha wale wazee, kila mmoja anamuuliza swali lile lile: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja anataja mti huu, mwingine anataja mti mwingine. Uongo ukaanguka kwa swali moja ambalo mtu yeyote pale angeweza kuliuliza.

Ushahidi huchunguzwa, hauhesabiwi tu. Watu mia kwenye kundi la WhatsApp waliosambaza habari ileile si mashahidi mia. Huenda wote wamechota kwa mtu mmoja, na huyo mmoja huenda naye aliambiwa.

Linganisha na Nabothi (1 Wafalme 21). Yeye naye alisingiziwa na watu wawili, akapigwa mawe, na hapakuwa na Danieli. Kwa nini alisingiziwa? Mfalme alilitaka shamba lake. Ukifukua tuhuma nyingi, hata hizi zetu za vijijini, chini yake utakuta shamba, mpaka, urithi au wivu. Wangapi kati ya bibi zetu wa Kanda ya Ziwa wameitwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, wakati wekundu ule umetokana na moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni? Na baada ya bibi kuondoka, shamba lilikwenda kwa nani?

3. Kwa nini mzigo uwe wa anayeshtaki?

Hapa naomba mnivumilie kidogo, falsafa haijanitoka. Jaribu zoezi hili: thibitisha kwamba jana usiku hukuchukua kuku wa jirani. Utasema ulikuwa umelala. Nani alikuona? Mdogo wako? Naye alikuwa usingizini. Utasema kwenu hakuna kuku. Tutakuambia umeshamuuza. Unaona? Karibu haiwezekani mtu athibitishe kwamba hakufanya kitu. Anayesema "wewe umeiba" ndiye mwenye kitu cha kuonyesha: nani, lini, wapi, kwa ushahidi gani. Tukimwachia mtuhumiwa mzigo huo, kila mmoja wetu ni mhalifu anayesubiri zamu yake ya kutajwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliligusa hili alipoandika juu ya hukumu na shuku katika *Summa Theologiae*. Anafundisha kwamba pale penye shaka tuielekeze tafsiri yetu upande ulio mwema. Mtu atapinga: "Si tutadanganywa mara nyingi?" Tomaso anakubali kwamba itatokea. Lakini anaona ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema, kwa sababu kosa hili la pili linamjeruhi mtu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inafuata njia hiyo hiyo. Inataja dhambi tatu dhidi ya jina la mtu. Ya kwanza ni kuamini kosa la mwenzako bila msingi wa kutosha, hata kama umeamini kimoyomoyo. Ya pili ni kuyatangaza makosa yake ya kweli kwa wasioyajua bila sababu ya haki. Ya tatu ni kumsingizia. Angalia hiyo ya kwanza: hujasema neno, hujasambaza picha, umeamini tu. Tayari lipo jambo la kupeleka kwenye kitubio. Na tangu Desemba 2021, Sheria ya Kanisa (kanuni ya 1321) inasema waziwazi kwamba kila mtu ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo.

4. Sheria ya nchi, na msitu wa Pande

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla kosa halijathibitishwa. Mahakamani upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha, tena pasipo kuacha shaka. Kwa hiyo maneno haya yana maana tofauti: mtuhumiwa ni anayedhaniwa, mshtakiwa ni aliyefikishwa mahakamani, na mwenye hatia ni yule ambaye mahakama imemwona hivyo. Aliyeko mahabusu hajahukumiwa. Anasubiri.

Kanuni hii ikivunjwa, nini hutokea? Watanzania tunalo jibu. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, Ulanga, walikuwa Dar es Salaam. Polisi waliwakamata pamoja na dereva teksi wao, na wote wanne wakauawa. Taarifa iliyotolewa ilisema ni majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Lisemwalo lipo, au siyo? Jambazi kafa, mji umepumua. Lakini ndugu zao hawakunyamaza. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, nayo ikabaini kwamba wale watu hawakuwa majambazi, na kwamba hapakuwa na majibizano yoyote. Walipelekwa katika msitu wa Pande, wakapigwa risasi huko.

Wanne hawa hawakuulizwa swali hata moja na hakimu. Adamu aliulizwa. Kaini aliulizwa.

Ila habari haikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo ngumu zaidi. Maofisa wa polisi walishtakiwa kwa mauaji, akiwemo Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa wa Dar es Salaam. Nchi nzima ilikuwa na hasira, wengi walishawahukumu zamani. Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru, Jaji Salum Massati akiona kwamba ushahidi dhidi yao haukutosha. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja, na ikaona kwamba Zombe na wengine hawana hatia.

Tulilia kwa sababu wale wanne hawakupewa haki ya kusikilizwa. Je, tuko tayari kuwapa haki hiyo hiyo polisi walioshtakiwa kuwaua? Kama jibu letu ni hapana, basi tulichokuwa tunakitetea ni upande wetu tu. Kanuni hii hupimwa kwa mtu tusiyempenda.

Mfano wa pili uko karibu na nyumbani, mkoani kwetu Kilimanjaro. Mtu mmoja alihukumiwa na Mahakama ya Wilaya ya Rombo kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Hakuwa na wakili, na utetezi wake ulifungwa wakati yeye hayupo mahakamani kwa sababu ya ugonjwa. Alikaa gerezani miaka mingi. Novemba 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba haki yake ya kusikilizwa kwa haki ilivunjwa. Mahakama ile haikusema kama aliiba au hakuiba. Ilisema kwamba hukumu iliyofikiwa bila kumsikiliza mtu haiwezi kuwa ya haki. Ni fundisho lile lile la bustani ya Edeni.

5. Pale ambapo Danieli haji

Hadithi ya Susana inatufariji kwa sababu mwishoni ukweli unajulikana. Maisha hayako hivyo kila mara.

Katika kigango kimoja cha huku kwetu, Kisiwani, chini ya milima ya Upare upande wa hifadhi ya Mkomazi, betri ya sola ya kanisa ilipotea. Kijana mmoja wa kwaya ndiye aliyeonekana akitoka mwisho jioni ile. Kesho yake jina lake lilikuwa limeshafika hadi gulioni. Hakupigwa, namshukuru Mungu. Lakini aliondolewa kwenye utunzaji wa funguo, kisha akaacha kuitwa mazoezini, kisha mama yake akaacha kukaa kwenye benchi alilozoea. Hakuna aliyewahi kumshtaki popote. Nilipokuwa likizo nilimuuliza mzee mmoja wa pale, kwani kuna ushahidi gani? Akanijibu, "Frateri, na wewe! Kama si yeye, ni nani?"

Betri haijapatikana mpaka leo. Aliyeichukua hajulikani mpaka leo. Mimi sijui kama yule kijana aliichukua au hakuichukua. Na hapa ndipo somo letu linapouma. Kumhesabu mtu hana hatia hakudai tujue kwamba ni msafi. Tungejua, tusingehitaji kanuni. Kanuni ipo kwa ajili ya siku ambazo hatujui. Inatuambia jinsi ya kuishi na mtu huyu wakati hatujui: aimbe, mama yake akae mahali pake, na mlango ubadilishwe kufuli kama tuna wasiwasi. Kubadilisha kufuli ni tahadhari. Kumtenga mtu bila kumsikiliza ni adhabu.

Swali la mzee lile, "kama si yeye, ni nani?", halina uzito wa ushahidi. Kutomjua mwizi hakumfanyi mtu wa karibu kuwa mwizi.

6. Na anayelalamika je?

Najua wengine mnawaza: "Frateri, ukisema hivi wabakaji watajificha nyuma ya kanuni yako." Ni pingamizi la haki, na sisi wana Kanisa hatuna ruhusa ya kulikwepa. Zipo nchi ambako watoto walisema wameumizwa na watu wa Kanisa, wakanyamazishwa ili kulinda majina ya wakubwa. Ile haikuwa kumhesabu mtu hana hatia. Ilikuwa kukataa kuchunguza, yaani kosa lile lile la mkutano wa Susana, upande wa pili.

Kumhesabu mtuhumiwa hana hatia hakumfanyi mlalamikaji kuwa mwongo. Mtoto akikuambia ameguswa vibaya, msikilize, mlinde, umpeleke polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na mtenganishe na huyo anayetajwa wakati uchunguzi unaendelea. Usiwaite pande zote mbili kwa mjumbe mkamalizane kwa mbuzi. Mchunguzi afanye kazi yake, hakimu afanye yake. Aliyeumizwa anahitaji ukweli kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu akihukumiwa asiyehusika, aliyemuumiza bado anatembea.

Hata wanaochoma watu moto kwa wizi wa pikipiki hawapati haki yao. Magazeti hutumia maneno "wananchi wenye hasira kali", utadhani hasira ni ofisi ya serikali. Waliofanya hivyo wana majina, na mbele ya sheria na mbele ya Mungu, wameua. Kutoka 23:2 inatukataza kuwafuata wengi katika kutenda uovu.

7. Tufanye nini wiki hii?

Mosi, tuchunge ulimi. Sema "anatuhumiwa" kama anatuhumiwa. Usimwite mwizi mtu ambaye mahakama haijamwita hivyo.

Pili, picha ya "mwizi" ikifika kwenye simu yako, iishie kwako. Kama unazo taarifa za kweli, zipeleke kituoni au kwa mtendaji wa kijiji.

Tatu, ukiona jambo, kubali kuwa shahidi. Wapo wanaoachiwa huru kwa sababu aliyeona hakufika mahakamani, kisha mtaa unalaumu hakimu. Nauli ya kwenda Same kutoa ushahidi ni sadaka pia.

Nne, watembelee mahabusu. Katika Mathayo 25 Yesu anajitambulisha na aliyefungwa, wala haongezi masharti kwamba awe hana kosa. Kama kuna mtu asiye na uwezo wa wakili, msaidie kuwatafuta watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Tano, kama kikundi chenu kimemchafua mtu bila ushahidi, msafisheni hadharani pale pale mlipomchafulia. Katekisimu (namba 2487) inadai malipizi kwa jina la mtu, na msamaha wa chumbani haurudishi jina lililopotea gulioni.

Maswali ya kujadili

1. Katika Danieli 13, ni nani pale barazani angeweza kuuliza swali la Danieli? Kwa nini hawakuuliza?
2. Kijijini au mtaani kwenu, ni watu gani ambao jina lao hutajwa kwanza kitu kikipotea? Kwa nini wao?
3. Tahadhari huishia wapi na adhabu huanzia wapi? Toeni mifano.
4. Mkiwa viongozi wa kigango kile cha betri, Jumapili ijayo mngefanya nini?

Sala

Ee Yesu, Pilato alitamka mara tatu kwamba haoni hatia kwako, kisha akakutoa kwa sababu ya kelele za watu. Utupe masikio ya kusikiliza kabla ya kuhukumu, na ujasiri wa Danieli wa kusema "turudi barazani" wakati umati umeshainua mawe. Uwakumbuke wanaosubiri mahabusu, walioumizwa wanaosubiri ukweli, na wale waliokufa bila kuulizwa swali. Amina.